Jibu: Mwanga huchaguaje upande bila kioo cha kuakisi?

Mkuu, umeuliza nukta moja ya mwanga inawezaje kutuma wimbi upande mmoja tu wa waya wa faiba, bila kioo wala kuilaza nukta yenyewe. Mimi kazi yangu ni kuunga faiba hapa Lamu. Tuna kibanio kinachokunja waya kidogo, mwanga ukavuja, taa ikaonyesha data inaelekea wapi. Lakini hicho husoma upande, hakichagui.

Mimi nililielewa majini. Asubuhi moja upepo haujaamka, nilisimama kwenye ngazi za jeti, maji ya kiuno, nikazamisha dumu la lita tano lililojaa maji, chini kidogo tu ya uso. Nikalipandisha na kulishusha: mawimbi pande zote mbili, yakiinuka pamoja. Nikalisukuma kushoto na kulia: bado pande zote, ila huku yakiinuka kule yanashuka. Kisha nikalipeleka kwa duara, juu, kando, chini, kando, kama mpini wa gurudumu la cherehani. Upande mmoja mawimbi yalienda mpaka yakagonga ubavu wa mashua. Upande wa pili maji karibu yalale. Nikageuza mzunguko, na mawimbi yakageuka. (Watoto waliokuwa wakipiga mbizi waliona mzee kaingiwa.)

Kuzungusha ni ile miendo miwili kwa pamoja, mmoja ukichelewa robo mzunguko. Upande mmoja kilele hukuta kilele; wa pili hukuta bonde, vikafutana. Basi. Wanaoleta maneno ya maajabu ya spini (mzunguko wa ndani wa mwanga) wanakuza mambo.

Nilipolishusha dumu hadi magotini, mawimbi yalififia. Mwanga nao vivyo hivyo: kandokando ya waya kuna uga, yaani mwanga ulioshikamana na waya, unaokufa ndani ya umbali mdogo kuliko urefu wa wimbi, na chanzo lazima kiwe ndani yake.

Mwaka 2013 watafiti wa King's College London na wenzao wa Valencia, Hispania, walimulika ufa mwembamba kwenye utando wa dhahabu kwa mwanga ambao mtetemo wake unazunguka. Mawimbi ya mwanga yanayotambaa juu ya dhahabu yalishika upande mmoja wa ufa. Walipogeuza mzunguko, yakashika wa pili. Mwaka uliofuata Petersen, Volz na Rauschenbeutel, kule Vienna, wakafanya hivyo kwa chembe ya dhahabu juu ya waya wa kioo mwembamba kuliko wimbi lenyewe.

Ila usidhani ni valvu. Wimbi likija kutoka upande wa pili halizuiwi. Likifika kwenye chembe hutawanya mwanga unaozunguka kinyume.