Jiaogulani haipendi kukaa peke yake, ila chagua majirani

Mkuu, umeuliza kama jiaogulani, ule mmea wa kutambaa ambao majani yake hunywewa kama chai, inaweza kukaa tuta moja na mboga nyingine au lazima itengewe sehemu yake. Mimi ninayo mwaka wa nne sasa na nimeshaikosea karibu kila namna.

Inaweza, tena inapenda kivuli cha wenzake. Kwao Uchina na Japani inaota kwenye misitu na vichaka vyenye unyevu. Mwaka wa kwanza niliianika juani, majani yakapauka hadi manjano. Nikadhani ni njaa ya mbolea, nikaongeza samadi, wapi! Nilipoihamishia nyuma ya mahindi ikarudi kijani. Ile mikia yake ya kushikia, myembamba kama uzi, inajisokota kwenye bua kama springi. Huichomoi, unaikata tu. Ndiyo maana mahindi yalipokauka nikayang'oa, na jiaogulani nzima ikaja nayo. Siku hizi nachomeka fito za kudumu kati ya mashina.

Kilichonitia hasara zaidi ni matango. Hao ni ndugu, ukoo mmoja na maboga, na wadudu wao ni walewale. Vidukari walianzia kwenye matango, baada ya siku chache wamejaa chini ya majani ya jiaogulani. Sasa jani unalokunywa utalipulizia sumu gani? Nilikata jiaogulani zote hadi chini, bahati nzuri zikachipua upya. Nanaa nayo usithubutu: zote mbili zinatambaa chini kwa chini, mwisho unachuma usichokijua.

Nilionao sasa ni vitunguu vya majani na giligilani. Giligilani naiacha itoe maua, maana yanavuta nzi ambao mabuu yao hula vidukari. Matandazo weka, ila yafunue asubuhi uwatoe konokono. Machipukizi machanga ndiyo chakula chao.

Mbegu usihangaike nazo, mmea dume na jike ni mbalimbali. Omba kipandikizi chenye vifundo viwili (pale jani linapotokea kwenye shina) kwa mtu anayeijua na anayeinywa, kwa sababu kuna mitambao mingine ya vijani vitano inayofanana nayo. Weka kwenye glasi ya maji, kifundo kimoja kizame, na baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au nyumbani kuna mjamzito, muone daktari kabla ya kuchemsha.