Gari la kukodi na dereva, Naples hadi Positano

Dada, umeuliza kama inafaa kulipia gari binafsi kutoka uwanja wa ndege wa Naples, Italia, hadi mji wa pwani wa Positano, ukiwa na mama mwenye maumivu ya magoti na mabegi makubwa. Kwa hali yenu, lipia tu. Treni ya Circumvesuviana inawafikisha Sorrento, tena hujaa mno, halafu bado kuna basi. Boti za majira ya joto zinapendeza, lakini bahari ikichafuka hazitoki.

Ni kilomita 60 hivi, ila usipige hesabu kwa kilomita. Barabara ya SS163 ni nyembamba na kona haziishi. Saa moja na nusu ni kawaida, na Agosti huzidi. Mama akae mbele kama huchefukwa garini.

Wengi husahau mwisho wa safari. Positano imejengwa kwenye mteremko, na hoteli nyingi hazifikiwi na gari; ni ngazi tupu. Kabla ya kulipa, iulize hoteli gari litaishia wapi, ngazi ni ngapi hadi mlangoni, na kama wana wapagazi. Usikubali jibu la "ni karibu tu".

Kwa kampuni ya gari, taka bei ya gari zima kwa maandishi, pamoja na ushuru wa barabara na muda wa kusubiri ndege ikichelewa. Wape namba ya ndege, si saa pekee. Hakikisha wana leseni ya NCC, ya kukodisha gari na dereva wake. Wale wanaokufuata kwenye mlango wa uwanja wa ndege wakinong'ona bei, wapite.