Ndege Iliyojaa Si Lazima Iwe Imelipa: Kwa Wanaoanza Kazi ya Usafiri wa Anga Mombasa

Nimefanya kazi ya usafiri wa ndege hapa Mombasa kwa miaka 24, kwanza nyuma ya kaunta ya wakala wa tiketi katika barabara ya Moi, kisha katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi kule Port Reitz, ambako hadi leo nasimamia abiria na hesabu za kituo. Vijana wapya wanaoletwa kwangu kila mwaka huwa wamefundishwa vyema kuvaa sare, kusalimia abiria na kutumia kompyuta, lakini wengi hawajaambiwa jinsi kampuni inayowalipa mshahara inavyopata fedha zake, wala jinsi inavyoweza kuzipoteza huku uwanja umejaa watu. Hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza hapa.

Jioni moja ya Desemba, katika mwaka wangu wa kwanza uwanjani, ndege yetu kutoka Nairobi iliteremsha abiria bila kubakia kiti hata kimoja kitupu. Ilikuwa siku tatu kabla ya Krismasi, familia nzima nzima zinakuja pwani, watoto wameshavaa kandambili kabla hata ya kuiona bahari. Nilifurahi mno. Mkuu wa kituo, mzee ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliniita pembeni, akaniwekea mbele karatasi ya mapato ya safari ile na kunionyesha kwa ncha ya kalamu kwamba kwenda na kurudi tumepata hasara. Ndege iliyokuja na watu wote wale ilirudi Nairobi na abiria 19, kwa sababu wiki ile kila mtu huteremka pwani na hakuna anayepanda bara. Mambo hugeuka wiki ya kwanza ya Januari. Ndege haiwezi kulala Mombasa wiki mbili ikisubiri wenyewe warudi. Tena, wengi wa waliokuja walikuwa wamenunua tiketi tangu Septemba kwa nauli ya chini kabisa, na sisi tulikuwa tumeachia viti vingi mno kwa bei hiyo tukiogopa vitabaki.

Tangu jioni ile sijawahi kuuliza ndege imebeba watu wangapi bila kuuliza pia wamelipa kiasi gani, na wa kurudi ni wangapi.

Kiti cha ndege ni bidhaa inayooza mapema kuliko samaki. Mvuvi asiyeuza changu wake asubuhi anaweza kumtia barafu, kumkausha, au kumuuza kwa hasara alasiri. Kiti kisichouzwa huoza dakika ile mlango unapofungwa, na gharama yake imekwisha kutumika, maana rubani, mafuta, ada ya kutua na malipo ya kukodi ndege hayapungui kwa sababu safu tatu ziko tupu. Hata hivyo, dawa ya kiti kitupu si kukigawa kwa bei yoyote. Chukueni ndege ya Dash 8-400 yenye viti 78, kama zile zinazotumiwa na shirika la Jambojet, na tuseme kwa mfano wa hesabu tu kwamba safari moja inagharimu shilingi 400,000. Ukiuza viti 50 mapema kwa shilingi 4,500 kila kimoja, umepata 225,000. Zimebaki 175,000 za kutafuta katika viti 28, yaani shilingi 6,250 kila kimoja, na hapo ndipo kwanza umelipa gharama bila faida. Ikiwa wanunuzi wa mwisho ni 20 tu, kila mmoja itabidi alipe 8,750. Kwa hiyo abiria anayefika kaunta saa nne kabla ya safari, akakuta nauli imepanda, akasema mnamwibia, mjibuni kwa upole na kwa maelezo. Kiti chake kilizuiliwa kwa ajili ya mtu kama yeye, ambaye shughuli yake imemtokea ghafla, na bei yake ndiyo inayomwezesha mama aliyenunua mwezi uliopita kusafiri kwa nauli ndogo. Msisahau pia kwamba si kila shilingi iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya shirika. Ada ya abiria wa safari za ndani peke yake ni shilingi 600, nasi hukusanya tu kwa niaba ya wengine.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililowaangusha wengi. Mashirika yetu hupokea sehemu kubwa ya nauli za ndani kwa shilingi, ilhali hulipa kwa dola. Ndege hukodishwa kwa dola, injini hutengenezwa kwa dola, bima ni dola, na mafuta ya ndege, ingawa tunayaona yakishuka melini hapo Kipevu karibu na uwanja wetu, bei yake hufuata soko la dunia. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, kwa hiyo hata tone moja la mafuta hayo halitoki tena mikononi mwetu. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Mtu aliyekuwa akiuza tiketi ya Nairobi kwa bei ileile ya mwaka uliotangulia alikuwa anapunguziwa mapato kila asubuhi bila kukosea lolote kazini.

Someni hesabu za Kenya Airways kwa makini, kwa kuwa ni kampuni ya soko la hisa na hesabu zake ni za wazi. Mwaka 2023 ilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5, maana yake kazi yenyewe ya kurusha ndege ililipa, lakini ukishajumlisha madeni na kuporomoka kwa shilingi, mwaka uliishia kwa hasara ya bilioni 22.7. Mwaka 2024 shilingi ikapata nguvu, na kampuni ikatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Wapo waliodhani shida imekwisha. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya zaidi ya bilioni 12, kwa kuwa ndege tatu kati ya zile kubwa aina ya Boeing 787 zilikaa chini zikingoja injini na vipuri ambavyo tangu janga la korona havipatikani kwa wakati popote duniani. Ndege iliyokaa chini bado inalipiwa. Nawaomba mjifunze kutofautisha hasara ya kazi, hasara ya madeni na kushuka kwa shilingi, na hasara ya vipuri, kwa sababu kila moja ina tiba yake, na wafanyakazi wengi hulaumiana bure kwa kutozijua.

Upana wa faida katika biashara hii ni mdogo kiasi cha kushangaza. Katikati ya 2024 IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kilikadiria faida halisi kwa kila abiria duniani kuwa dola 6.14, na kwa Afrika kama dola moja. Begi moja lililopelekwa Addis Ababa badala ya Mombasa, pamoja na simu, gari la kulipeleka hotelini na fidia, humeza faida ya watu wengi.

Mashindano nayo hayatoki angani peke yake. Treni ya Madaraka Express ilipoanza kubeba abiria Juni 2017 kwa shilingi 700, wenzangu wengi walisema mtu wa ndege hatapanda treni. Alipanda. Niliwaona wateja wangu wa zamani, walimu na wafanyabiashara wadogo wa Kongowea ambao walikuwa wameanza kuzoea nauli nafuu tangu Jambojet ilipoanza mwaka 2014, wakielekea kituo cha Miritini. Sasa nauli ya treni ni 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na bado ukijumlisha teksi ya kwenda Port Reitz, kufika mapema uwanjani na foleni ya Barabara ya Mombasa kule Nairobi, tofauti ya saa si kubwa kama inavyoandikwa kwenye matangazo. Kwa upande wa kusini tunanyang'anywa na uwanja wa ndege wa Ukunda. Mgeni wa Diani akitua hapo hafikirii tena kivuko cha Likoni. Sisi tulichoweza kushika ni mtu anayekwenda na kurudi siku moja, na huyo anachonunua hasa ni saa. Ndege ya alfajiri ikichelewa dakika 50, umemuuzia kitu ambacho hukumpa.

Kuhusu watalii nitasema kwa ufupi, ingawa zamani walikuwa nusu ya maisha ya uwanja huu. Ndege za kukodi kutoka Ulaya, zile tunazoziita chata, zilikuwa zikitua hapa mfululizo, na mahoteli kutoka Diani hadi Malindi yakizitegemea. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, na siku hiyohiyo makombora mawili yakarushwa kuelekea ndege ya Arkia, shirika la Israeli, iliyokuwa imetoka tu kuruka hapa, Mungu aliinusuru. Mei 2014 Uingereza ilipotoa onyo la safari, kampuni za utalii za huko, Thomson na First Choice, ziliwarudisha wageni wao na kufuta safari za Mombasa kwa miezi. Aya moja iliyoandikwa London iliwatoa kazini wapishi wa Nyali. Janga la korona likafanya hivyo kwa dunia nzima: safari za kimataifa zilisimama Machi 2020, za ndani zikarudi 15 Julai na za nje 1 Agosti.

Sasa niwaambie lililonifika mimi, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya kozi zote. Kwa muda nilifanya kazi katika kampuni ndogo ya ndege ambayo sitaitaja. Nauli zetu zilikuwa za chini kuliko za wote, na mauzo yalikuwa yakipanda kila wiki. Asubuhi moja ndege imejaa, milango iko wazi, nikatoka kuona kwa nini hatuondoki. Bauza, lile gari la kujazia ndege mafuta, lilikuwa limesimama kando ya bawa, mpira wake umekunjwa vilevile ulivyokuja, na dereva ameegemea mlango akiitazama simu yake. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kabisa: "Dada, nimeambiwa nisiunganishe mpaka ujumbe wa malipo uingie." Tulisimama juani dakika 40. Ujumbe ukaingia, tukaruka. Siku ya pili ikawa saa nzima. Wiki ya tatu ujumbe haukuingia, na nikabaki mbele ya watu zaidi ya 60 wenye tiketi halali, mmoja wao kijana aliyekuwa akiwahi mazishi ya babake siku ileile.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikifanyika. Fedha za tiketi za mwezi ujao zilikuwa zikilipa mafuta ya jana. Nauli ya mtu ambaye hajasafiri ni deni, si mapato, na kampuni inayoila itaendelea kushusha bei ili ipate wengine wa kulipa, mpaka siku wanunuzi wanapopungua. Dalili zake mtaziona nyinyi wa chini kabla ya wakubwa kutangaza: muuza mafuta anadai taslimu, fundi anaazima tairi kutoka ndege nyingine, wahudumu wa mizigo wanataka walipwe kabla ya kushusha, mshahara unakuja nusunusu, na nauli zinashuka wakati ambao kila mtu mwingine anapandisha. Mkiziona, msiendelee kuuza tiketi za miezi ya mbele kwa watu wanaowaamini. Mimi niliuza, kwa kutojua, na sura ya yule kijana sijaisahau.

Wale mtakaoanzia kwa mawakala mtakuta biashara iliyobadilika mifupa. Nilipoanza, wakala aliishi kwa kamisheni ya asilimia 9 ya nauli za kimataifa, na tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi cha kufungiwa kwenye kasha la chuma. Kamisheni ikapunguzwa hadi mashirika mengi yakaifuta, tiketi za karatasi zikaisha katikati ya 2008, na sasa abiria hununua mwenyewe akiwa matatuni na kulipa kwa M-Pesa. Mawakala waliobaki hapa mjini ni wale wanaouza kazi ambayo simu haiwezi: makundi ya Umra na Hija yenye viza, hoteli na wazee wanaohitaji kuongozwa, mabaharia wanaowahi meli, wagonjwa wanaopelekwa India. Anayetaka kuingia huko ajifunze sheria za nauli kwa kina, na aseme wazi ada yake kabla ya kuanza.

Na mkiajiriwa kituoni, ombeni mapema kukaa siku moja na mtu wa karatasi ya uzito, anayehesabu uzito wa abiria na mizigo ndegeni, na siku moja na mtu wa ratiba. Ndege hupata fedha ikiwa juu. Dakika kumi zinazopotea Mombasa asubuhi kwa sababu kiti cha magurudumu hakikuletwa zitaonekana Kisumu mchana na Eldoret jioni, kwa kuwa ni ndege ileile moja. Mimi huandika kila siku, kabla ya kutoka, mambo manne: abiria wa kuja na wa kwenda, wastani wa nauli, lita za mafuta, na dakika tulizokaa chini pamoja na sababu yake. Nina madaftari 17 kabatini. Kijana anayetaka kuyasoma hunikuta ofisini baada ya ndege ya mwisho ya jioni kuondoka, na huanza na lile la Desemba.