Dungu niliweke wapi?

SWALI: Mzee, shikamoo. Nalima mahindi eka 3 na muhogo kidogo huku Kiryandongo, upande wa pori la Karuma. Usiku nguruwe pori, mchana nyani, nimechoka kabisa. Sasa binamu yangu yuko Marekani kanitumia video za wawindaji wa kule, wanavyochagua mti pembeni ya shamba wanakaa juu wakimvizia kulungu, nikasema hii si dungu tu la babu zetu, lile jukwaa la kulindia shamba? Nifuate hivyo hivyo? Na nikimuona nguruwe nimpige? – Msomaji, Bweyale

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndio litakupeleka ndani. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019 hairuhusu kuwinda bila kibali, hata kama mnyama kakufuata shambani mwako. Nguruwe pori na nyani wanahesabiwa waharibifu, sawa, ila usijitokee tu na mbwa na mikuki, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akuunganishe na watu wa wilaya. Mitego ya waya usiguse, waya haichagui nani apite.

Sasa dungu. Hizo video ni nzuri, jamaa wanajua kazi yao, ila wewe zigeuze kichwa chini miguu juu! Yule anataka kulungu asogee, wewe unataka nguruwe arudi alikotoka. Yeye anatafuta njia ya mnyama kutoka msituni kwenda kwenye soya na mahindi, halafu anakaa mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake ili asinuswe. Wewe tafuta njia hiyo hiyo, lakini kaa upepo ukitoka kwako kwenda porini, nguruwe ana pua kali kuliko macho, akusikie harufu kabla hajaonja hata hindi moja, na kamoto kadogo ka moshi chini hapo kanasaidia. Chukua jivu mkononi saa moja jioni uliachie uone linaelekea wapi, na ufanye siku kadhaa, si siku moja. Kama una mteremko, jua likizama hewa inapoa na kushuka bondeni, kwa hiyo dungu la juu linapeleka harufu yako mpaka kwenye kinamasi wanakolala.

Njia utaijuaje? Asubuhi zunguka mpaka wa shamba kabla watoto hawajakanyaga. Mabua yamelazwa chini, muhogo umefukuliwa, kwato mbili mbili kwenye tope, huyo nguruwe. Hindi limemenywa limeng'atwa nusu likatupwa, huyo nyani. Mimi dungu langu la kwanza niliweka karibu na nyumba, kwenye kichuguu, kwa uvivu tu manake chai inafika ikiwa moto, na nguruwe wakawa wanaingia upande wa pili pale pori limeingia shambani kama ulimi, walimaliza mistari 12 mimi nimekaa napiga tochi kwenye mahindi mazima. Ulimi huo ndio mahali pake, na pembe ambapo vichaka vya mashamba mawili vinakutana.

Sakafu ipande mita 3 hivi, mahindi yakikomaa yanapita kichwa cha mtu na dungu fupi halioni kitu. Acha nafasi kati yako na miti, nyani wasikuruke juu ya kichwa, na jioni usikae ukitazama jua. Mwindaji anapanda kimya kwa njia ya nyuma, wewe pitia mbele kabisa, piga debe, imba. Funga kamba yenye makopo kutoka kwenye dungu mpaka ule ulimi, ukivuta yanalia kule kule.

Kama ni tembo, usijenge kabisa kwenye njia yake, nguzo zako kwake ni njiti. Huyo piga simu UWA, mamlaka ya wanyamapori, mapema.

Na ongea na jirani, ukiwafukuza kwako wataenda kwake, halafu kesho unaletewa kesi ya nguruwe si wako.