Maswali ya Wasomaji: Oili Inayorudi Kuvuja Palepale

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE na giaboksi ya manyuo, ambayo ninasafiri nayo mara kwa mara kati ya Morogoro na Dodoma. Tangu mwaka jana inadondosha oili pale injini inapoungana na giaboksi. Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imebadilishwa mara mbili, sampu (bakuli la oili chini ya injini) imefunguliwa na kupakwa silikoni upya, na miezi minne iliyopita giaboksi ilishushwa ili sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) ibadilishwe. Baada ya wiki tatu matone yalirudi, na sasa ninaongeza nusu lita kila baada ya majuma mawili. Fundi anasema sili aliyoiweka ilikuwa feki, hivyo giaboksi ishushwe tena. Je, nikubali? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, ninakusihi usikubali giaboksi ishushwe kabla hujaonyeshwa, kwa macho yako, mahali oili inapoanzia. Sili feki zipo madukani na fundi wako huenda anasema kweli, lakini katika maelezo yako yote sijaona siku hata moja ambapo injini ilioshwa, ikakaushwa, kisha ikachunguzwa. Vipuri vimebadilishwa kwa kukisia, na wewe ndiye uliyelipia kila kisio.

Oili huteremka ikifuata kuta za injini, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma kuelekea nyuma, kwa hiyo mahali tone linapoangukia si lazima pawe mahali lilipotoka. Kinachotafutwa ni sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Katika injini yako kuna kifaa ambacho ningekitazama kabla ya kingine chochote, nacho ni distributa, yaani kigawa umeme wa plagi. Imefungwa kwenye ncha ya silinda hedi upande wa giaboksi, inazungushwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu), na shingo yake inazibwa na oringi moja ya mpira. Baada ya miaka mingi ya joto, oringi hiyo hukauka na kuwa ngumu kama plastiki, ikapoteza umbo lake la mviringo, na oili ikaanza kupenya kidogo kidogo. Kutoka hapo inateremka juu ya giaboksi hadi chini kwenye maungio, na mtu aliyelala chini ya gari huapa kwamba sili ya krenki imekufa. Niliwahi kuishika oringi ya namna hiyo baada ya kuichomoa kwa ncha ya bisibisi: ilikatika vipande vitatu vidoleni mwangu, ilhali gari lile lilikuwa limekwisha kushushwa giaboksi mara moja bila mafanikio.

Hata zile wiki tatu za nafuu zinanitia shaka, kwa sababu mafundi wengi hufuta sehemu zote wanaposhusha giaboksi, na uvujaji mdogo wa juu huhitaji muda kabla haujalowanisha njia yake upya na kufika chini.

Fanya hivi. Injini ikiwa imepoa, funika distributa na alteneta kwa mfuko wa nailoni, kisha osha injini yote kwa sabuni ya kuondoa grisi, ukizingatia ncha ya silinda hedi na maungio ya giaboksi. Ikaushe kabisa. Paka poda ya mtoto chini ya distributa, kandokando ya tapeti kava na kwenye maungio ya sampu, endesha kilomita 20 hivi, halafu mulika kwa tochi. Poda iliyolowa hubadilika rangi na kuacha mchirizi unaoonyesha njia. Usipoona kitu, rudia siku inayofuata baada ya mwendo mrefu zaidi. Ukikuta sehemu za juu ni kavu kabisa huku oili ikitoka ndani ya nyumba ya klachi, hapo ndipo sili ya nyuma inashtakiwa kwa haki. Na hata hapo, nusa na utazame kwanza, kwa kuwa oili ya giaboksi ina harufu kali tofauti na ya injini na inaweza kutokea mahali hapohapo.

Ikiwa kosa ni la oringi, kabla ya kulegeza bolti za distributa, fundi aweke alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye distributa hadi kwenye silinda hedi, kwa sababu kuizungusha hata kidogo hubadilisha wakati wa plagi kuwasha, nao upimwe tena kwa taa ya kupimia wakati huo baada ya kufunga.

Lipo jambo la pili ambalo gereji nyingi hulisahau, nalo linaweza kuharibu kazi nzuri kabisa. Injini hupumua. Gesi kiasi hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia upande wa sampu, na hutolewa kupitia valvu ndogo ya PCV iliyopo kwenye tapeti kava, ikavutwa na injini yenyewe ili iungue. Valvu hiyo ikiziba kwa masizi, presha hujikusanya ndani na kusukuma oili kwenye sili na gasketi yoyote iliyo dhaifu, hata iliyofungwa jana. Ichomoe kwenye kava injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), uzibe mdomo wake kwa kidole: unapaswa kuhisi ukivutwa. Usipohisi chochote, kagua valvu na mpira wake. Kisha zima injini, rudisha valvu, funga glavu ya mpira kwenye mdomo wa kujazia oili na uwashe tena. Glavu ikitulia au ikivutwa ndani, vema. Ikijaa na kusimama wima ilhali valvu ni nzima, basi ringi zimechoka, na hakuna sili itakayodumu kabla ya hilo kushughulikiwa.

SWALI: Je, oili nzito au dawa za kuzuia uvujaji zinasaidia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Oili nzito huweza kupunguza kasi ya matone, lakini itumie tu ikiwa kitabu cha gari kinairuhusu kwa joto la mahali ulipo. Dawa nyingi za aina hiyo hulainisha na kuvimbisha mpira kwa muda. Sili iliyochanika au oringi iliyokatika haiponi kwa dawa. Wakati unasubiri matengenezo, pima stiki kila asubuhi gari likiwa mahali tambarare kabla ya kuliwasha, na uandike kilomita kila unapoongeza oili. Ukiona moshi au kunusa oili ikiungua juu ya egzosti, simamisha gari na usiendelee na safari, kwa sababu hapo kuna hatari ya moto.