Kwenda Mbeya kwa basi na watoto wadogo

Mtu mzima anajua kwamba kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo anajipanga kushinda siku nzima barabarani. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na kilomita wala saa. Anachojua ni kwamba amekalishwa, na hajaambiwa atakaa mpaka lini. Kwa jinsi ninavyowaona wanangu tunapokwenda kwa bibi yao, kilio kingi cha safarini kinaanzia hapo, wala si utundu. Ndiyo maana safari naikata vipande, na kila kipande nakipa kitu chake cha kusubiriwa.

Usiku wa kuamkia safari nawasimulia njia nzima. Tukitoka stendi ya Mbezi tutafika Chalinze, halafu Morogoro tutaona milima ya Uluguru, halafu Mikumi kwa wanyama, halafu bonde lenye mibuyu mingi, halafu kona za Kitonga, Iringa, misitu ya Mafinga, Makambako, ndipo Mbeya. Mkubwa wangu sasa ameikariri, na ndiye anayemjibu mdogo wake akiuliza kama tumefika: "Bado, hatujaona mibuyu." Jibu hilo linamtuliza mtoto kuliko "bado kidogo" ya mama, kwa sababu lina kitu ndani yake cha kutafuta kwa macho.

Angalizo moja: ahidi kile ambacho njia haikosi kukupa. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mara nyingi utaona nyani pembeni ya lami, swala, hata twiga. Lakini usimwahidi mtoto tembo. Mlima na mbuyu havihami. Tembo akitokea, iwe zawadi.

Siti nachagua mapema, katikati au mbele kidogo, kamwe si nyuma wala juu ya tairi, kwani huko basi linarusha. Likizo ya Juni napenda upande wa kushoto, maana jua linapiga zaidi kulia kwa anayekwenda Mbeya, na Uluguru nayo iko kushoto.

Sasa Kitonga. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopata tabu, na maandalizi yake yanaanza mbali. Basi likisimama kwa chakula kabla ya kupanda mlima, watoto wangu hawali chipsi wala hawanywi soda. Nawapa nilichobeba: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mkate mkavu na maji kidogo kidogo. Mafuta na gesi ya soda kwenye tumbo linaloyumbishwa na zile kona ni kutafuta kutapikiwa. Simu nayo naiweka ndani ya mkoba. Mtoto akikodolea kioo cha simu, macho yanaona kitu kimetulia huku sikio la ndani likihisi mwili unapinda kushoto na kulia, na mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Mwambie atazame mbali, mbele, alitafute lori linalopanda taratibu. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, mimi nabeba kopo lenye mfuniko unaobana, kitambaa kilicholoweshwa na fulana ya kubadilisha, vyote juu ya mapaja yangu. Vilivyo kwenye buti la basi havitakusaidia kona ya tatu.

Haja ndogo usisubiri mtoto aseme. Akisema, ujue zimebaki dakika chache. Kila basi linaposimama, hata kama ni kuchimba dawa tu vichakani, wote tunashuka, anayetaka na asiyetaka. Na ongea na konda mapema kwa adabu, kabla safari haijaanza: "Kaka, nina watoto wadogo, nikikuita nisaidie." Makonda wengi ni wazazi pia, na aliyeombwa vizuri asubuhi hanuni mchana.

Masweta yakae mkoba wa mkononi, tafadhali. Dar mnatoka mkitokwa jasho, lakini mkishapanda Kitonga hali ya hewa inageuka, na Mafinga mwezi wa Juni ni baridi ya kweli. Mtoto anayelialia bila sababu baada ya Iringa, mara nyingi ukimshika miguu utakuta ni ya barafu.

Kipande kigumu kuliko vyote ni baada ya Makambako. Jua linazama, mibuyu imeshapita, hadithi zimekwisha. Kwa saa hiyo naficha kitu kipya ambacho hawajakiona tangu asubuhi: daftari dogo na kalamu za rangi, au karanga za kumenya moja moja, kazi inayochukua muda. Mkifika Igawa, kati ya Makambako na Mbeya, mpigie bibi abandike maji ya kuoga na apike uji tu. Mkifika mtasalimiana, wataoga, watakunywa uji na kulala. Wajomba na shangazi wote waje kesho.