Jibu: Sauti ya 4G safi, video inakwama

Mkuu, umeuliza kwa nini ukipiga simu kwa 4G sauti inatoka safi, lakini video inazunguka tu, na vijiti vya mtandao vimejaa. Vijiti vinaonyesha nguvu ya mawimbi, havikwambii foleni ina watu wangapi.

Kwenye mnara kuna kipanga foleni kinachoamua, kila milisekunde 1, nani apewe vipande vya masafa. Chaneli ya MHz 20 ina vipande 100, basi. Kila huduma ya 4G hupewa daraja lake, na sauti imewekwa daraja la 1: kasi yake imehakikishwa na pakiti (fungu dogo la data) haitakiwi kuchelewa zaidi ya milisekunde 100. Hata ikipotea moja kati ya 100, sikio halishtuki. Video yako mara nyingi iko daraja la 9, lisilo na uhakika wowote, mnagombania kilichobaki.

Hata huko hamgawani sawasawa. Kanuni iliyozoeleka hulinganisha kasi unayoweza kupata sasa hivi na wastani uliokwisha kupata. Mwenye njaa anasogezwa mbele, hasa mawimbi yake yakitulia kidogo. (Binafsi naona ni akili kuliko zamu za kupokezana.)

Jaribu saa nane usiku, hapohapo ulipo. Video ikicheza vizuri, simu yako haina kosa, ni msongamano.